Mwaka Tuliompima Dokta Limbu

Mwezi wa sita uliopita nilikwenda Nyalikungu, pale Maswa, kwenye harusi ya binti wa mwisho wa Mama Kulwa. Bwana harusi ni mhadhiri wa chuo kikuu, kijana mpole ambaye tai ilikuwa inamkaba, na kabla wali haujafika mezani alishaniinamia kunionyesha simu yake. Kwenye kioo palikuwa na jina lake, na kando ya jina tarakimu moja ya buluu. Hicho ndicho kipimo chake, akaniambia: makala zake zote na watu wote waliowahi kumnukuu vimekamuliwa vikawa namba moja. Nilimpongeza, maana kazi hiyo ya kuwahesabu wasomi nimeifanya mpaka nimestaafu, na najua namba hiyo inavyoweza kumnyima mtu usingizi. Mama Kulwa, ambaye uzee umemchukulia magoti lakini masikio umemwachia, akageuka kutoka meza ya wazee. “Mkwilima,” akamwambia, yaani mume wa binti yake, “huyo unayemwonyesha ndiye aliyempima baba mkwe wako. Tena hakuwa na simu. Alikuwa na penseli na macho.” Akacheka mpaka kilemba kikamlegea, nami nikacheka mpaka nikashika meza, na bwana harusi akabaki anatutazama kama watu waliowahi kuiba kuku pamoja. Baba mkwe huyo, Dokta Limbu, hakuwapo. Tulimzika miaka michache iliyopita, na kiti chake pale meza kuu alikikalia mdogo wake.

Tangu siku hiyo mwaka ule hautaki kunitoka kichwani. Habari za kuzaliwa kwangu na shule nilizosoma nazipita, hazina utamu. Inatosha kusema kwamba naitwa Kabula, kwamba ni Msukuma niliyekulia Morogoro, kwa hiyo Kisukuma changu kilikuwa cha salamu na matusi tu, na kwamba nilishuka Bariadi nikiwa na cheti cha ukutubi ambacho wino wake ulikuwa bado unanuka. Mji ulikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga, na ulikuwa umechangamka kama nyumba inayongoja mahari. Miaka yote mkulima wa pamba alikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, upende usipende. Mwaka ule soko likafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na pikapu zenye vipaza sauti, kila mmoja akitangaza kwamba mizani yake haina ujanja, na sokoni kukajaa baiskeli mpya, redio, vitenge na mabati. Watu walikuwa wanacheka barabarani bila sababu. Lakini dawa ya wadudu, ambayo zamani ilitoka ushirika kwa mkopo, ilikuwa haijulikani tena itatoka kwa nani, na hilo ndilo lililokuwa likimkunisha kichwa Dokta Limbu.

Dokta alikuwa mtaalamu wa wadudu wa pamba, na ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo kidogo cha utafiti nje ya mji: ofisi mbili, stoo, na shamba la majaribio lililoteremka mpaka mtoni. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya pama iliyokwisha ukingo mmoja. Shambani alizungumza bila kituo, hata na mimea. Akiingia ofisini alikuwa bubu. Stoo ya mbegu ilikuwa imegeuzwa maktaba, na hapo ndipo nilipowekwa mimi. Nilikuta majarida yamefungwa kwa kamba za katani, mchwa wameanza kusoma kabla yangu, na harufu ya mafuta ya mbegu za pamba imeingia hata ndani ya kurasa. Naipenda harufu ile mpaka leo. Nimefanya kazi katika maktaba zenye viyoyozi na mazulia, lakini hakuna iliyowahi kunipokea kama stoo ile, nikiwa nimeketi juu ya gunia, mlango uko wazi na kuku wa kituo wanaingia kuniangalia.

Kwa kuwa nyumba za watumishi zilikuwa zimejaa, nilipewa chumba cha uani nyumbani kwa Dokta. Chumba changu na jiko vilitenganishwa na ukuta mmoja wa tofali mbichi usiofika juu, kwa hiyo nilikula chakula cha nyumba ile na mazungumzo yake pia. Mama Kulwa, mke wa Dokta, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jina lake mwenyewe ni Holo, lakini tangu ajifungue mapacha, Kulwa na Doto, hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa na sauti iliyozoea darasa la watoto themanini. Asubuhi alitupa michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, vimepikwa na karanga. Jioni ugali na nsansa, mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, na siku ya gulio maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Na kila jioni, mimi nikiwa chumbani napangusa vumbi miguuni, nilisikia mazungumzo ya aina moja. “Ukifika huko Jumamosi,” Dokta angesema, “muulize mzee: mahindi yatangulie pamba, au yafuate?” Na Jumapili, Mama Kulwa akishashuka kwenye lori la Maswa na kuvua viatu, angejibu: “Mzee anasema unaharakisha. Anasema funza hawana haraka kama wewe.” Ningesikia Dokta anacheka peke yake. Nilidhani mzee huyo ni mganga. Niliandika hata kwa mama yangu kwamba huku wasomi wanapigiwa ramli.

Kazi iliyonileta ilikuwa hii. Makao makuu yalikuwa yameona kwamba serikali haiwezi tena kulisha kila kituo. Vingebaki vile tu ambavyo wataalamu wake wanaonekana. Na kuonekana kulikuwa na mambo matatu: mtaalamu amechapisha nini, nani amemnukuu, na ameshirikiana na nani. Wapimaji wangekuja baada ya mavuno, na mimi nilitakiwa niwe nimeshakusanya ushahidi wa Dokta Limbu. Asipotosha, kituo kingefungwa na shamba lingeuzwa. Tayari mnunuzi mmoja wa pamba alishakuja kulitembelea shamba lile akiwa na viatu vyeupe, akasema pangefaa sana kujengwa kinu cha kuchambulia. Dokta alimsikiliza kwa adabu, halafu akaenda kusimama katikati ya pamba yake mpaka jua likazama. Ilikuwa imebaki misimu michache tu amalize jaribio la maisha yake. Alikuwa anapanda mistari ya mahindi ndani ya pamba, kwa hesabu maalumu, ili mahindi yatoe ndevu wakati uleule nondo wanaozaa funza wa vitumba wanapotafuta pa kutaga mayai. Funza anapenda ndevu za mahindi kuliko kitumba cha pamba. Akishughulika na mahindi, mkulima anapumzika kununua dawa. Kung'olewa pale kabla ya kumaliza kungekuwa sawa na kumnyang'anya mtu sufuria iko motoni.

Leo kijana anabonyeza simu. Wakati ule kumpima msomi kulikuwa kama kuchambua mchele: unafungua jarida, unakwenda kurasa za mwisho kwenye marejeo, unapitisha kidole jina hadi jina ukimtafuta mtu wako. Ya Bariadi yaliponiishia nilipanda basi kwenda kituo kikuu kando ya ziwa, chenye majarida ya kutoka India, Misri na Sudani, nikamtafuta Limbu humo kama mtu anayemtafuta nduguye katika wodi za hospitali. Nilimkuta mara chache mno. Alikuwa ameandika vizuri, tena mengi kuliko nilivyotegemea, lakini waliomnukuu ungeweza kuwakaribisha wote chai kwa birika moja. Na ushirikiano ndiyo kabisa: kila makala ilikuwa na jina lake peke yake. Mtu huyu anayezungumza hata na mimea alionekana, kwa karatasi, ni mpweke kuliko mlinzi wa makaburi.

Kilichonishtua kilikuwa kingine. Katika makala za Dokta, pale palipohitaji jina la mtu na mwaka, nilikuta maneno ya ajabu: “mtafiti mmoja mzoefu wa wilaya jirani ameeleza.” Nikageuza kurasa. “Kama ilivyowahi kuonwa na mkongwe wa eneo hili.” Jina hakuna. Halafu nikakuta kundi lingine la makala, za mtafiti mstaafu anayeitwa Nkwabi, wa Nyalikungu, zinazozungumzia mahindi na pamba na funza walewale, na humo nikasoma: “kijana mmoja wa upande wa Bariadi amethibitisha.” Jina hakuna. Wawili wanaandika jambo moja, kila mmoja amembeba mwenzake mgongoni, na hakuna anayemtaja mwenzake! Kwetu kwenye ukutubi jambo hilo lina jina moja tu, nalo ni wizi. Nilirudi Bariadi nikiwa na hofu, maana nilikuwa nimeshampenda Dokta kama baba mdogo.

Sikuweza kunyamaza nalo. Nilimkuta Mama Kulwa uani anachambua choroko kwenye ungo. “Mama Kulwa,” nikasema, “Nkwabi wa Nyalikungu ni nani?”

Alisimamisha vidole. “Kwani umemjulia wapi?”

“Kwenye majarida. Nadhani yeye na Dokta wanaibiana.”

Ungo ukaanza kutikisika, choroko zikamwagika, na kuku wakafurahi. Alicheka mpaka majirani wakachungulia juu ya uzio. “Ole wako wewe mtoto wa Morogoro! Nkwabi ni baba yangu. Ni baba mkwe wa huyo Dokta wako. Unataka mkwilima amtaje mkwewe kwa jina, kama mtu anayeita mbuzi?”

Nikamwambia kuandika si kutamka. “Hata mume wangu alisema hivyo zamani,” akajibu. “Lakini baba macho yake mabovu. Nani anamsomea makala za mume wangu? Mimi. Nani anamwandikia baba barua na makala zake, akazileta kwa mume wangu? Mimi. Sasa Dokta akaona, nikifika penye jina itabidi nilitamke mbele ya mzee mwenyewe, kwa maneno aliyoyaandika mkwilima. Ni kama amemwita usoni. Ndiyo maana anazunguka zunguka. Na baba naye anazunguka. Kwenye ukoo wetu ni pande zote mbili, mkwe hamtaji mkwilima, mkwilima hamtaji mkwe, hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja. Wanapendana hao, Kabula, usione hivi. Mimi ndiye posta yao.”

Siku hizi wakwe wanaitana majina kwenye kundi la WhatsApp na kutumiana vichekesho, na bwana harusi wetu alimkumbatia mama mkwe wake mbele ya kamera bila dunia kupasuka. Sisemi ni vibaya. Lakini nilipoyasikia maneno yale uani nilisisimka mwili. Nilikuwa nimefundishwa kwamba nukuu ni deni linalolipwa kwa jina. Hapa walikuwapo watu wawili ambao walinyimana majina kwa sababu ya heshima, na heshima hiyohiyo ilikuwa inakwenda kuwafungia kituo.

Wapimaji walifika wakati magunia ya pamba yamejaa barabara zote. Walikuwa wawili: Profesa mmoja mstaafu, mnene, mwenye miwani ya kamba, na mchumi kijana aliyeandika kila kitu, hata aina ya soda. Tuliwapikia pilau. Profesa alikula kwa furaha ya kweli, akaniomba ukoko, nikafikiri mtu anayependa ukoko hawezi kuwa mkatili. Kisha akavaa miwani. Aliziweka makala za Dokta mezani, akasema zimeandikwa vizuri, na hapo ndipo alipouliza swali nililoliogopa.

“Dokta, kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi hii si ya mtu mmoja. Unashirikiana na nani?”

“Yupo,” Dokta akasema.

“Vizuri. Jina lake?”

Dokta akaiangalia kofia yake. “Anaishi Nyalikungu.”

“Nimeuliza jina.”

“Ni baba yake Mama Kulwa.”

“Baba yake Mama Kulwa anaitwa nani?”

Nje, Mama Kulwa alikuwa ameacha kuosha vyombo. Jasho lilimtoka Dokta kwenye paji la uso, akafungua mdomo, akaufunga, akasema polepole: “Profesa, ni mtu mzima. Ana heshima zake.” Mchumi akanong'ona kitu. Mimi nikanyanyua mkono niseme, lakini Dokta akanitazama kwa jicho la kunisihi, mkono ukashuka wenyewe. Profesa akavua miwani na kusema, bila hasira, kwamba amepima vituo vingi mwaka huo na amekutana na watu wanaoficha washirika ili sifa ziwe zao peke yao. Wangekwenda kuangalia vinu vya Maswa, na wakirudi kupitia Bariadi atatoa uamuzi. “Lakini kwa nilichokiona,” akasema, “mtafiti wa peke yake hahitaji shamba kubwa hivi.”

Gari lao lilipoondoka Mama Kulwa aliingia ofisini na mikono yake yenye povu. “Mficha uchi hazai,” akamwambia mumewe. “Kesho naenda kwa baba.” Dokta akajibu kwamba hataki mzee asumbuliwe kwa ajili ya tumbo lake. “Tumbo lako?” akasema mkewe. “Na lile shamba ni tumbo lako? Nimebeba mbegu za mahindi kwenye mkoba wa daftari za wanafunzi, nimebeba funza kwenye chupa mapajani mwangu, lori limejaa watu, nikasema ni dawa ya macho! Kabula, jiandae, twende wote.”

Nyumba ya mzee Nkwabi pale Nyalikungu ilikuwa na chumba cha mbele ambacho sijaona kingine kama hicho. Kitanda kilikuwa kimesukumwa pembeni kama mpangaji asiyelipa, na nafasi yote imechukuliwa na chupa za wadudu, vitumba vilivyokauka na majarida mpaka darini. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ndevu nyeupe. “Ng'wangaluka, mayu,” akanisalimu, nikaitikia, naye kwa ujanja akaendelea na Kisukuma kirefu ili anione nikikwama, kisha akacheka na kugeukia Kiswahili. Tulikula ugali na samaki mkavu kwenye karanga. Mama Kulwa akaeleza yote: wapimaji, swali, jasho, kimya. Mzee aliacha kutafuna.

“Kwa hiyo Baba Kulwa alikataa kunitaja, hata kwa kuokoa shamba?”

“Alikataa.”

“Ah, huyo mtoto ana adabu,” akasema. “Lakini ni mjinga. Kwa nini hajaleta mbuzi?”

“Mbuzi gani, baba?”

“Mbuzi wa kufungua kinywa! Mkwilima akishapata watoto, analeta mbuzi, tunakula pamoja, basi, kinywa kimefunguliwa. Nimemngoja miaka yote hiyo. Nikasema moyoni, huyu kwa kuwa amesoma Ulaya anaona mila zetu ni uchafu, hataki kula na mimi. Nikasema, sawa, nitamheshimu kwa mbali.”

Mama Kulwa akaweka tonge chini. Kwa upande wake Dokta, akamweleza, anajua habari za mbuzi. Lakini aliambiwa na baba zake wadogo kwamba ni mkwe anayetakiwa kuanza kumwita, na kwamba mkwilima anayekimbilia kuleta mbuzi anaonekana ana haraka ya kumvunjia mzee heshima. Kwa hiyo naye alikuwa anangoja. Wazee wawili wa koo mbili walifundisha mila moja kwa namna mbili, na watu hawa wawili, walioweza kujua funza anafikiri nini, wakakaa kila mmoja upande wake wa barabara wakingojana. Mzee Nkwabi alisikiliza, akajipiga paja. “Mimi naita,” akasema. “Nani anaenda Bariadi leo?”

Aliyekuwa anaenda alikuwa mnunuzi mmoja wa pamba mwenye pikapu na kipaza sauti, ambaye alikubali kutubeba kwa sharti kwamba mzee asilaumu bei yake njiani. Tulipanda nyuma, juu ya magunia, mzee kajifunga shuka, kipaza sauti kikitangaza mizani ya haki kwa kila kijiji. Penye shamba la pamba mzee alikuwa anagonga bodi la gari lisimame, anashuka kuchungulia vitumba, anapanda tena. Dereva alilalamika mwanzo, baadaye akawa anasimama mwenyewe na kuuliza, “Na haya, mzee, yanasemaje?” Sijawahi kusafiri kwa raha kama siku ile.

Mbuzi alichinjwa asubuhi yake, uani kwa Dokta. Walitandikiwa mkeka mmoja. Dokta alikuwa amevaa suti yake ya harusi, imembana mabegani. Mama Kulwa akaleta beseni moja, wakanawa humo wote wawili, halafu akaleta ini la kuchoma kwenye sahani moja. Mzee akakata kipande, akampa Dokta mkononi. Dokta naye akakata akampa mzee. Sasa ilibaki mtu kutamka. Hakuna aliyeanza. Walitafuna ini lile kwa muda mrefu kuliko linavyostahili, na wakiwa bado wanatafuna gari la wapimaji likaingia uani, siku moja mapema. Profesa akateremka, akaona mkeka, suti, na beseni, akataka kuuliza. Mama Kulwa akaweka kidole mdomoni. Profesa, nalipenda jambo hili kwake mpaka leo, akavua kofia na kusimama palepale alipokuwa.

“Limbu,” akasema mzee, kwa sauti ya chini kama mtu anayeonja mchuzi.

Dokta akainamisha kichwa. “Naam, baba.” Kisha akakiinua. “Mzee Nkwabi.” Machozi yakamtoka waziwazi mbele ya wageni, hakuyafuta. Mama Kulwa akapiga kigelegele kilichowatisha kuku wote, akamgeukia Profesa: “Haya! Uliuliza jina. Ndilo hilo.”

Profesa aliambiwa kisa chote akila mbuzi. Alicheka mpaka akavua miwani, maana kwao pia, akasema, kuna shangazi ambaye mpaka leo humwita mkwewe “yule wa ng'ambo ya kijito.” Lakini kazi ni kazi. Kicheko hakikubaliki kwenye ripoti; kinachohesabika ni kilichoandikwa. Akawapa nafasi: waandike makala moja ya pamoja, yenye majina, waitume kwenye jarida, na nakala imfikie Shinyanga kabla hajafunga ripoti yake. Wakaandika kwa juma zima kwenye stoo yangu, mezani kwangu, mzee anasema, Dokta anabisha, wanachora shamba sakafuni kwa chaki. Mimi nilikuwa nachapa kwa taipureta. Kwa mara ya kwanza niliyaona marejeo yakijaa, Nkwabi, Limbu, Nkwabi, Limbu, yale yote yaliyokuwa “mkongwe” na “kijana mmoja” yakipata wenyewe. Kisha nikafika kwenye ukurasa wa kwanza na kuuliza nani atangulie.

“Mzee,” akasema Dokta. “Siwezi kutembea mbele yake.”

“Kazi ya shambani ni yake,” akasema mzee. “Siwezi kula nisicholima.”

Walibishana siku nzima na nusu ya siku iliyofuata. Heshima ileile tuliyoitoa kwa mlango mkubwa ilikuwa imeingia tena kwa dirisha. Gari la posta lilikuwa linaondoka alasiri. Nilikuwa nimekaa vidole juu ya taipureta, karibu kulia, Mama Kulwa aliponiletea uji na kukuta wanaume wawili wamegeuziana migongo. Akauliza, nikamweleza. Aliweka kikombe.

“Andika Holo,” akasema.

Wote wawili wakageuka.

“Mnanishangaa nini? Nani alisema mahindi yapandwe kwa mistari miwili, siyo mmoja? Nilikuwa nimechoka na ubishi wenu, nikawaambia kila mmoja kwamba mwenzake ndiye amesema, na mkakubali wote. Mkapanda, ikawa. Yule wa katikati ni mimi. Baba ni wangu, mume ni wangu. Nikiwa mbele, hakuna aliyemtangulia mwenzake. Kabula, andika.”

Mzee alimtazama bintiye, akamtazama Dokta, na wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwafahamu, wakaona aibu kwa wakati mmoja. “Andika,” akasema mzee. “Andika,” akasema Dokta. Nikaandika Holo, nikaandika Nkwabi, nikaandika Limbu, na karatasi ile ilipotoka kwenye mashine niliishika kwa ncha za vidole kana kwamba imetoka jikoni. Katika miaka yangu yote ya kuhesabu nimeona majina mengi yakitangulizwa kwa cheo, kwa woga na kwa hongo. Sijaona tena lililotangulia kwa haki kama lile.

Jibu lilikuja kwa redio ya upepo ya ofisi ya wilaya, mvua za kwanza zimeshaanza. Karani alikuja na baiskeli, amelowa, akatuambia akiwa bado hajashuka: kituo kinabaki, shamba linabaki, jaribio liendelee. Mama Kulwa alimvuta karani kutoka kwenye baiskeli akacheza naye kwenye matope. Dokta hakucheza. Alichukua jembe akaenda shambani, maana udongo ulikuwa umelainika na kwake hiyo ndiyo sherehe. Mzee Nkwabi, aliyekuwa amehamia kwetu kwa muda kwa kisingizio cha macho, aliwekewa kiti barazani mwa stoo yangu, shuka mabegani. Nilikuwa ndani napanga majarida niliposikia anaita.

“Limbu!”

Dokta akaja mbio kutoka kwenye mistari, matope mpaka magotini. “Naam, baba. Kuna nini?”

“Hakuna kitu,” akasema mzee. “Nakuita tu.”

Dokta akarudi shambani. Haukupita muda. “Limbu!” Akaja tena mbio, vilevile, akasimama mbele ya kiti, “Naam, baba,” na mzee akatikisa kichwa kwamba hapana, hakuna kitu, huku anatabasamu kwenye ndevu zake. Mara ya tatu alikuja mbio pia. Hakuwahi kutembea hata mara moja. Nami nikaacha majarida nikasimama mlangoni, kwa sababu mara hii, alipofika katikati ya pamba akirudi, Dokta alisimama, akageuka, akaweka viganja viwili mdomoni.

“Mzee Nkwabi!”

Mzee aliinuka kwenye kiti, shuka likaanguka. “Unasemaje, Limbu?”

“Hakuna kitu, baba! Nakuita tu!”